Mwalimu Aliyefundisha Hesabu kwa Rede

Juzi, nikinunua ndizi sokoni Tukuyu, muuzaji aliniambia kwamba mwalimu aliyemfundisha binti yangu darasa la tatu kule Kisiba amefariki. Nililia pale pale, mtu mzima mimi, bila kujali nani ananitazama. Alifundisha miaka ile biashara huria ilipotuletea mitumba na tuisheni kwa pamoja, na kila mzazi alitaka mwanawe akalishwe chini akaririshwe. Yeye darasa alilipeleka uwanjani kucheza rede: wawili wanarusha mpira, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Ila kwake huruhusiwi kutia mchanga mpaka ujibu hesabu uliyoulizwa. Binti yangu, ambaye hesabu za kichwa zilimliza kila siku, akaanza kuwahi shule bila kusukumwa.

Wazazi wakalalamika, kikao kikaitishwa ili mchezo upigwe marufuku na mwalimu ahamishwe. "Tumewaleta wasome, siyo kurukaruka!" alifoka mama mmoja. "Wenzao Mbeya wako tuisheni!" Sasa, mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa baba mkwe wa mwalimu, mzee wa Kinyakyusa aliyeshika mila, na kwa mila hiyo mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba wa mumewe, sembuse kubishana naye kikaoni. Mwalimu akabaki nyuma ya ukuta wa darasa. Wengi wakadhani hana la kusema, kumbe amekwisha wapanga watoto. Wakatoka wakaanza rede mbele yetu, binti yangu katikati. Mzee alitazama, akashindwa kujizuia: "Wewe, saba mara nane!" "Hamsini na sita, babu!" akajibu, huku akikwepa mpira na kutia mchanga. Mzee akauliza tena na tena, akicheka, hadi akasahau ajenda. Mwishowe akatugeukia sisi wazazi: "Mwambieni mwalimu, ndaga fijo. Ahsante sana. Aendelee."

Soko huria limetupa mengi, sikatai. Lakini limetuzoesha kupima elimu kwa uchovu wa mtoto. Asiporudi hoi tunaona ada imepotea bure. Marehemu alijua kwamba kinachofunga akili ya mtoto mara nyingi ni woga, akauondoa huo kwanza. Basi kama nyumbani kwako yupo anayelia kila Jumatatu asubuhi, usimwongezee tuisheni. Mtoe nje, ucheze naye.