Siku Niliyokataa Kushuka Mashuani

Kwetu ni Kwale ya ndani, nyuma ya Kinango, ambako wingu hupita kusalimia tu likaenda zake. Nilikulia kwenye njia ya kisimani, debe kichwani, mama yangu nyuma akinionya kwamba nikimwaga nitarudi peke yangu kuteka mengine. Kwa hiyo nilipoolewa pwani, kwenye kijiji kimoja cha upande wa Msambweni kilichojengwa juu ya ukingo wa hori, yaani ule mkono wa bahari unaopenya kati ya mikoko, kilichonishangaza kuliko vyote ni kuona watu wazima wakijilowesha kwa kupenda.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliuona mshangao huo siku ya kwanza na hakuuacha upoe. Nikikunja nguo kuvuka kidimbwi, nitamsikia tu: "Wifi, hayo ni maji, hayang'ati." Nikikinga mvua kwa kila sufuria ya nyumba, huwaita majirani waje waone. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ulimi, nami nilikuwa na hasira za karibu, na nyumba yenye vitu hivyo viwili haikosi kelele.

Uhuru ulitukuta hivyo. Mavyaa, mama wa mume wangu, ndiye aliyeongoza chama chetu cha lelemama, ile ngoma ya wanawake, na katika chama kile hakusema jambo mara mbili. Tulialikwa kucheza katika sherehe za uhuru huo kwenye uwanja wa shule, mbele ya wageni kutoka Kwale na kila mwenye miguu ya kumfikisha. Tukanunua sare: leso mpya, mji wake wa katikati mweupe, pindo jekundu la kuwaka. Mavyaa alikataza zisifuliwe, maana alizitaka na dondo lake, ule ugumu wa kitambaa kipya, zisikike tunapotembea. Mwenye duka alituambia waziwazi kwamba rangi ile haijazoea maji. Ikilowa kabla ya kutiwa chumvi, wekundu wote utashukia kwenye weupe.

Lelemama huchezwa kwa safu. Wifi alikuwa safu ya mbele tangu usichana wake. Mimi nilikuwa ya nyuma kabisa, nimezibwa na mwanamke mmoja mrefu mwenye mabega mapana. Na mama yangu alikuwa ametuma salamu kwamba atashuka kuja kunitazama. Hakuwa amekuja tangu harusi yangu. Siku ile alikaa kimya pembeni, wenzake wakishangilia, na wakati wa kuagana aliniuliza kama nina hakika watu hawa watanihesabu kuwa wao. Sasa ilinibidi nimpelekee jibu kwamba asihangaike kunitafuta mbele, nitakuwa nyuma. Jibu hilo liliniuma. Niliitaka safu ya mbele kwa roho yangu yote.

Asubuhi ya sherehe maji yalikuwa yamejaa. Juma lililotangulia mafundi walikuwa wameshua mashua mpya, na magogo ya minazi waliyoiteremshia yalikuwa bado yamelala ukingoni, kutoka juu mpaka ndani ya maji, yamepakwa shahamu, yale mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, hata inzi angeteleza. Vijana wakaiburuta mashua kuukuu isiyo na mlingoti, wakaipandisha juu ya magogo, wakaishika kwa kamba kutoka nyuma na kuita watu wapande. Kisha wakaachia. Mashua ilishuka ikinguruma, ikayapiga maji kwa pua, na maji yakainuka pande zote mbili kupita kimo cha mtu. Ikaibukia kule mbele imejaa watu waliolowa chapachapa, wakicheka na kukohoa. Wakaruka majini, wakarudi ufukweni kwa miguu, na vijana wakaivuta mashua juu tena kwa kamba ile ile.

Habari za raha haziitishi tarumbeta. Mara kijiji kizima kilikuwa pale, kila mmoja na ujanja wake wa kuokoa mali yake. Mzee mmoja alishuka ameing'ata kofia yake ya kutarizi kwa meno, akatoka na kofia iliyolowa na meno yanayouma. Mwingine alificha sigara chini ya kofia, na baadaye nilimwona akizianika juani, moja moja, kwa huzuni ya mfiwa. Mkulima mmoja wa bara, wa wale waliohamia Shimba Hills kulima, alivifunga viatu vyake vipya shingoni, akavifunika kwa koti. Koti lililowa na viatu vilijaa maji mpaka juu. Wanawake wenye akili walivua sare zao, wakajifunga leso kuukuu, wakayaacha mafurushi chini ya mkanju, yaani mkorosho, mbali na maji.

Mimi nilikaa ukingoni nikiyatazama maji, si watu. Aliyebeba debe lililojaa kutoka mbali hujifunza kwa shingo yake maji yanapenda kwenda wapi. Niliona kwamba pua ya mashua huchota, kwa hiyo wa mbele hupigwa usoni. Niliona pia jambo ambalo hakuna aliyelijali, kwamba yale maji yanayoruka juu hayaangukii yalipotoka. Mashua inakimbia, nayo huangukia nyuma, juu ya vichwa vya wale wajanja waliojibana kule wakidhani wamekimbia balaa. Mashua ilipovutwa juu nilikwenda kuyapapasa mabao yake ya kukalia kwa kiganja. Mbele maji, nyuma maji. Bao la katikati lilikuwa na unyevu kidogo tu, na huo ulitoka chini, kwa maji ya sakafuni yaliyokimbia huku na huku.

Wifi akaniona nimepiga magoti napapasa mbao. "Haya, mkaguzi," akasema, na wenzake wakacheka. "Mbona hupandi? Waogopa?"

"Siogopi. Sitaki kulowa."

"Aingiaye mle asilowe bado hajazaliwa."

"Amezaliwa," nikasema. "Kwao Kinango. Naweza kushuka na sare yangu mwilini na nikarudi nayo kavu."

Ulimi hauna mfupa. Kabla sijajua nimesema nini, watu walikuwa wamesogea, na mavyaa mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Sawa," wifi akasema. "Mama shahidi. Ukirudi mkavu, safu ya mbele nakuachia leo. Ukirudi umelowa, leo huchezi, utatushikia mafurushi."

"Na wewe upande nami, na sare yako," nikamjibu. "Mzaliwa wa maji hatavua nguo kwa ajili ya maji."

Watu wakaguna kwa raha. Wifi alinitazama, akatazama umati, akajifunga leso yake vizuri. "Napanda. Mimi najua pa kukaa."

Mavyaa alisema neno moja tu: "Nimesikia." Nikajua mambo yameiva.

Sitajifanya shujaa. Nilikwenda kuvunja matawi ya mkanju huku nikiujutia ulimi wangu. Nilimfikiria mama njiani, vumbi mpaka magotini, anakuja kumwona mwanawe akilinda mafurushi ya watu. Lakini nilivunja, nikabeba mzigo mzima wa majani mabichi, nikayashindilia sakafuni mwa mashua mbele na nyuma ya lile bao la katikati. Kwetu debe likijaa tunalitia majani juu, maji yasirukeruke. Sikuona kwa nini maji ya chumvi yawe na adabu tofauti.

"Hiyo ni mashua, wifi, si zizi la mbuzi," wifi yangu akasema, akaenda kukaa nyuma kabisa, mahali pa wajuzi. Mashoga zake wawili wanene wakamfuata. Nilishukuru kimoyomoyo, maana uzito ule wa nyuma ungeinua pua.

"Njoo ukae nami hapa," nikamwambia. Nilimwambia kweli, si kwa kejeli.

"Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge."

"Sijayavulia nguo," nikasema, na hata mavyaa akacheka.

Niliketi chini, mgongo kwenye bao, miguu juu ya majani, pindo zote za leso nimezikusanya mapajani. Vijana wakaimba ule wimbo wa kushulia vyombo, kamba ikaachiwa. Sikufumba macho. Niliona pua ikiinama, ikagusa, ikainuka. Niliona kuta mbili za maji zikipanda, kushoto na kulia, zikang'aa jua likipita ndani yake, zikakutana juu ya kichwa changu na kupita. Tone moja liliniangukia kwenye paji la uso. Kisha nyuma yangu nikasikia mvua kubwa ikishuka mahali pamoja, na sauti ya wifi ikimwita mama yake.

Yale ya sakafuni yalikuja mbio kutoka mbele, yakaingia kwenye majani, yakanong'ona, yakafa. Nikajigusa mabega, kifua, magoti. Kavu! Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka kisiwani Wasini.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sikuwa nimelipangia. Mashua ilikuwa inaelea katikati ya hori. Abiria wote walikuwa wanaruka, maji yanawafika kifuani. Wifi aliruka pia, akasimama majini, nywele usoni, leso imemganda mwilini, na akaelewa kabla yangu. Uso wake ukachangamka.

"Haya, mkavu," akaita. "Shuka sasa."

Niliyatazama maji. Nikatazama ufukwe. Mwanangu, mtu akifika pale ndipo huonyesha alivyolelewa. Nilirudi nikaketi, safari hii juu ya bao lenyewe, nikatandaza leso yangu vizuri pande zote.

"Sishuki."

"Hushuki vipi?" kijana mmoja wa kamba akauliza.

"Mashua hii hamuirudishi juu?"

"Twairudisha, lakini tupu, mama. Watu hushuka."

"Nani aliweka sharti hilo?"

Hakuna aliyeweka. Wifi alipiga maji kwa kiganja kwa hasira, akiwa mbali asinifikie, akasema huo ni wizi, makubaliano ni kwenda na kurudi. "Nami narudi," nikamwambia. "Hujaniona nimekaa?" Umati ukaanza kubishana kama bunge, wengine upande wangu, wengine upande wake, na mkulima wa bara, viatu bado vinatiririka shingoni, akatangaza kwa sauti kwamba kisheria mama yule hajagusa maji.

Mavyaa alishuka ukingoni polepole. Akaokota ncha ya kamba kwa mkono wake mwenyewe.

"Vuteni," akasema.

Wakavuta. Wanaume, wanawake, watoto, hata mzee wa kofia. Mashua iligeuka, ikapanda juu ya magogo ikilia, nami nimeketi katikati yake wima kama bibi harusi, na wimbo wa kushulia chombo ukaimbwa kinyume, wa kukipandisha. Nilifurahi mno. Watu wale walikuwa wananivuta kutoka baharini kuja kwao, mimi mtoto wa Kinango, na hakuna aliyenung'unika isipokuwa mmoja. Nilipokanyaga mchanga mkavu mavyaa alishika pindo la leso yangu, akalifinya kati ya vidole, akalisikiliza. Dondo lilikuwa lingali likisema.

Wifi alikuja akichuruzika. Wekundu ulikuwa umeshuka kutoka pindoni hadi kwenye magoti, leso nzima imekuwa ya waridi, na miguu yake pia. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali ya miezi kadhaa. Nilipomwona anajitazama vile yaliniishia, nikampa leso yangu kuukuu ajifutie. Aliipokea.

Alasiri uwanja wa shule ulifurika. Wifi alikaa nyuma na wapiga pembe, katika nguo zake za nyumbani, kichwa ameinua. Safu zikapangwa. Nami, niliyekaa mashuani bila haya mbele ya kijiji kizima, nilibaki nyuma, mahali pangu pa zamani. Mahali pale palikuwa wazi na nilishindwa kwenda kupajaza. Ndipo nikahisi mkono mgongoni, wenye nguvu, bado baridi ya maji.

"Nenda, wifi," akasema sikioni. "Mama yako asije akakukosa."

Nikaenda. Mama alikuwa amesimama ng'ambo ya uwanja, amefika sasa hivi, vumbi la njia limempanda mpaka magotini kama nilivyojua. Alinitafuta nyuma, nilikomwambia. Niliyaona macho yake yakiyapekua yale mabega mapana, yakihangaika, yakikata tamaa, kisha yakirudi safu baada ya safu mpaka yakanifikia mbele, katika leso nyeupe yenye pindo jekundu.

Akapiga kigelegele. Siku ya harusi yangu hakukipiga.