Nani Kasema Jua Hudanganya Kipimajoto

Mwaka ule wa Korona nilipiga marufuku neno moja tu nyumbani kwangu. Sikukataza kujifukiza, ingawa sebule ilinuka mwarobaini na majani ya mlimao kiasi kwamba mapazia hayajasahau hadi leo. Sikukataza vitunguu saumu, wala simu ya mke wangu, iliyokuwa ikipokea tiba mpya kila asubuhi kabla ya chai. Nilichokataza ni neno "wanasema". Nimekuwa hakimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi ile ilinifundisha kwamba "wanasema" ni shahidi asiyeweza kupelekewa hati ya wito: hana jina, hana makazi, na hajapata kuona jambo lolote kwa macho yake. Kwa hiyo niliweka sheria. Mtu akisema "wanasema", yeyote aliyepo ana haki ya kumuuliza, "Nani kasema?" Akikosa jina la kutaja, habari yake inafutwa, na mazungumzo yanaendelea kana kwamba hakufungua kinywa.

Watu wazima waliipokea sheria hiyo kama wanavyoipokea sheria yoyote: walinyamaza mbele yangu na kuendelea jikoni. Mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa darasa la pili na ambaye shule yake ilikuwa imefungwa kama shule nyingine zote, aliipokea kwa moyo wake wote. Yeye, mdogo wake na mama yao, ambaye ni binti yetu, waliishi nasi, na hakuna mgeni aliyevuka kizingiti bila kuhojiwa.

Wa kwanza kunaswa alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mkulima wa mboga kule Mgeta. Alishuka na lori la kabichi, akatuletea kiroba cha tangawizi.

"Chemsheni hii asubuhi na jioni," alisema. "Wanasema haipiti siku, kifua kinafunguka."

"Nani kasema, Babu?" mtoto akauliza.

Shemeji alimtazama, kisha akanitazama mimi, akielewa mara moja kesi ilikofunguliwa. "Tangawizi yenyewe," akajibu.

Nilimweleza kwamba mwenye shamba la tangawizi ni shahidi mwenye masilahi. Alicheka, akanywa chai yetu, isiyo na tangawizi, kwa huruma iliyoonekana waziwazi usoni.

Shule zilipofunguliwa, mtoto alirudi na habari. Nje kidogo ya Dar es Salaam, karibu na barabara kuu, kulikuwa na bustani ya michezo ya watoto. Ndani yake mlikuwa na mtelezo wa maji mrefu kama mnazi, treni ndogo yenye honi ya kweli, na sungura mkubwa kama mtu anayesalimia watoto kwa mkono.

"Nani kasema?" niliuliza.

"Rafiki yangu."

"Ameona?"

"Ameambiwa na binamu yake."

"Basi huo ni ushahidi wa kusikia. Hatuwezi kuukubali."

Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo inabidi twende tukaone, Babu."

Mke wangu alikohoa ndani ya kanga, na kikohozi kile hakikuwa cha ugonjwa. Sikuwa na pa kutokea. Kukataa kungekuwa kukiri kwamba sheria yangu ni ya kufuta habari tu, si ya kutafuta ukweli. Nikaahidi mbele ya mashahidi wawili kwamba likizo ya Desemba tutakwenda, na kwamba mimi mwenyewe nitautazama mtelezo huo na kutoa uamuzi. Toka siku hiyo mtoto hakuzungumzia kitu kingine. Alilala na nguo ya kuogelea chini ya mto.

Tuliondoka Morogoro jua likiwa limekwisha kupanda, kwa sababu safari yenye watoto wadogo haianzi mpaka kila mtu amerudi chooni. Binti yetu aliendesha. Mjukuu wangu alikaa nyuma yake, dirishani, upande uliokuwa na jua, na kiyoyozi cha gari kilikuwa kimestaafu kabla yangu. Tuliposimama Mikese kununua mahindi ya kuchoma, mke wangu aliligusa paji la uso la mtoto kwa kiganja.

"Mhamishe huyu. Jua linampiga, kichwa kimekuwa kama sufuria."

"Dirisha aliliomba mwenyewe," nilisema. "Na kiganja si kipimo."

Tukaendelea.

Kwa wakati huo tulikuwa tumekwisha kuambiwa kwamba ugonjwa haupo tena nchini. Kipimajoto cha geti la bustani hakikuwa kimepata taarifa. Kilikuwa mkononi mwa mlinzi, mwanamume wa makamo ambaye barakoa yake ililinda kidevu kwa uaminifu mkubwa, na chombo chenyewe kilikuwa na umbo la bastola, ambalo sikulipenda.

"Shikamoo, mzee. Mnatoka wapi?"

"Marahaba. Morogoro."

"Aa, Waluguru. Watani zangu hao. Mimi Mnyamwezi. Karibuni, mkizimia humu ndani nitawazika mwenyewe." Akanielekezea kile chombo kwenye paji la uso. "Thelathini na nne. Mzee, wewe umekwisha kufa, ila hawajakuambia."

Wengine walipita. Kisha akampima mjukuu wangu, akakitazama kioo, akampima tena. Utani ukamtoka usoni.

"Thelathini na nane. Huyu hapana, mzee. Amri niliyopewa ni moja: aliyezidi haingii."

Mtoto hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alisimama na nguo yake ya kuogelea kifuani, akinitazama kama mtu anayetazama benchi la mahakama akijua kwamba rufaa ipo. Nyuma ya ukuta tulisikia maji yakimwagika na watoto wa watu wakipiga kelele za furaha.

Nilianza na hoja nzuri. Nilisema mtoto hakohoi, anakula, na ametafuna hindi zima njiani. Mlinzi alikubali yote na hakusogea. Hapo ndipo nilipolitamka.

"Ndugu yangu, vyombo hivi, wanasema, hudanganywa na jua."

"Nani kasema, Babu?"

Aliuliza bila hila yoyote, kwa sauti ileile aliyoitumia kwa shemeji yangu, huku akijua vizuri kuliko sote ni nani atakayepata hasara jibu likikosekana. Mlinzi alikishusha kipimajoto.

"Mjibu, mtani," alisema. "Hata mimi nataka kujua."

Nilitafuta jina. Nilipita kwenye vitabu, redio na magazeti ya wiki nzima, na sikupata.

"Nimesema mimi," alisema mke wangu nyuma yangu. "Toka Mikese. Nikaambiwa kiganja si kipimo."

Mtoto aligeuka akamtazama bibi yake, kisha akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kulikuwa na jina, na mwenye jina alikuwepo. Mlinzi naye aliona hivyo. "Haya. Bibi kasema. Mkalisheni kivulini apoe, nitapima tena."

Niliamua kwamba, kwa kuwa tunapima, tupime sawasawa. Mtoto alikaa chini ya paa la kibanda cha tiketi, kitambaa cha maji kikiwa shingoni. Mimi, niliyekuwa maiti kwa mujibu wa chombo kilekile, nilivua kofia nikasimama juani. Binti yangu aliniomba nitoke. Nilimjibu kwamba dai lenye upande mmoja si dai. Tukiwa katika hali hiyo sungura alitoka ndani kuja kunawa kwenye ndoo ya bomba: kichwa kizima cha manyoya, glovu mikononi, shingo imefungwa hadi kidevuni. Nilitambua kwamba getini pale ni yeye peke yake aliyekuwa amejikinga ipasavyo.

Mlinzi alirudi. Alimpima mtoto, akapata thelathini na sita na nusu. Akanigeukia mimi, akasoma kioo, akaanza kucheka kabla hajasema.

"Thelathini na nane na kitu. Mtani, umefufuka mpaka umepitiliza."

Dai la mke wangu lilikuwa limethibitishwa pasipo shaka yoyote, na kwa uthibitisho huohuo mimi sikuweza kuingia.

"Wewe kaa upoe, utatukuta ndani," alisema mke wangu. Alikuwa amekwisha kumshika mtoto mkono. Mtoto alitazama nyuma mara moja. "Babu, uje kuuona," akasema, kisha wakamezwa na geti.

Nilikaa kivulini nikapoa. Nilipojihisi tayari, mlinzi alikibonyeza chombo chake na kioo hakikuwaka. Alikipiga kwenye paja, akakipuliza, akavuka barabara hadi dukani. Walikuwa na sabuni, karanga na vocha. Betri ya aina ile hawakuwa nayo.

"Bila kipimo sina ruhusa, mzee. Ungekuwa wewe, ungemwingiza mtu?"

Nililifikiria swali hilo kwa uzito uliostahili. "Nisingemwingiza," nilisema.

Akaniletea kiti.

Hivyo ndivyo nilivyoitumia siku yangu katika bustani ile. Ukuta ulikuwa umechorwa twiga wenye nyuso za kibinadamu. Juu yake sikuona kitu ila miti. Nilisikia maji, nilisikia honi, na nilisikia vifijo ambavyo sikuweza kutofautisha cha mjukuu wangu na cha watoto wengine. Huo, kwa tafsiri yoyote, ni ushahidi wa kusikia.

Walitoka jioni, wamelowa na wenye njaa. Usiku ule, katika nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara, niliwahoji. Mke wangu alisema mtelezo ulikuwa mrefu kama nyumba yetu. Binti yangu hakuwa ameutazama, alikuwa akiupiga picha, na katika picha zote kulikuwa na miguu ya mtoto na anga. Mdogo mtu alishikilia kwamba sungura alivaa kandambili.

"Kama mnazi," alisema mjukuu wangu.

"Mbona sikuuona juu ya ukuta?"

"Kuna miti, Babu. Na mnazi nilioutumia ni ule mfupi wa jirani."

Sikuwa na swali jingine.

Asubuhi tulirudi nyumbani, na safari hii mtoto alikaa upande wa kivuli. Siku chache baadaye shemeji alishuka tena kutoka Mgeta. Alimwaga karoti barazani, akakaa, akapokea chai yake.

"Enhe, shemeji. Nimesikia mlikwenda kwenye michezo. Huko kukoje?"

"Wanasema kuna mtelezo wa maji mrefu kama mnazi," nilianza.

Mjukuu wangu, aliyekuwa akizipanga karoti kwa urefu, aliinua kichwa. "Nani kasema, Babu?"

"Wewe."

Alilipima jibu hilo, karoti mkononi.

"Haya," akasema. "Huyo aliona."

Akaendelea na karoti zake, nami nikaruhusiwa kumaliza.