Lori Lililoacha Kula Oili

Mume wangu, Beda Mapunda, alianza kujisifu mwezi wa tatu. Alijisifu sokoni, akajisifu kwenye jumuiya baada ya sala, akajisifu hata kwa fundi cherehani aliyekuwa akimshonea suti ya jubilei ya ndoa yetu. Lori lake, alisema, limeacha kula oili. Miaka yote lilikuwa linakunywa oili kama mlevi wa ulanzi, kila asubuhi lazima aliongezee, na sasa akichomoa kijiti cha kupimia anakuta oili iko palepale, siku nyingine imezidi. "Limerudia ujana," aliwaambia wageni waliokuja kwetu Bombambili, nami niko jikoni nasonga ugali, nasikia kila neno. Nimekaa na Beda miaka arobaini, najua wakati wa kumsema na wakati wa kumwacha afurahi.

Lori hilo mimi nililiita mke mwenza. Zamani lilikuwa la chama cha ushirika, likibeba tumbaku ya Namtumbo, na Beda alilianza akiwa tandiboi wa Mzee Romwaldi, dereva mwenye maneno makali na kofia ya sufu jua na mvua. Kazi ya tandiboi ilikuwa kupanga mizigo, kuweka kigingi nyuma ya tairi, na likizimika njiani kufungua boneti na kupampu. Ubavuni mwa injini kuna pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi, nayo ina kijiwiko cha chuma unachosukuma kwa kidole mpaka hewa yote itoke. Kwacha, kwacha, kwacha. Chama kilipokufa na magari yake kuuzwa, Beda akalichukua lile lori, na tangu hapo sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha. Nikiisikia uani nabandika chai. Chai ikichemka, injini nayo imewaka.

Watoto wetu wamesomeshwa na lori lile. Nimelala peke yangu masika mengi kwa sababu yake pia, kabla ya lami, likiwa limekwama kwenye tope la njia ya Njombe na mimi sijui kama mume wangu amekula. Nikilisikia linateremka kuja kwetu nililitambua kati ya malori yote ya Songea, nikaongeza unga kwenye sufuria kabla hajapiga honi. Siku hizi lami iko kila mahali na kila mtu ana simu. Ni vizuri, sikatai. Lakini hakuna tena mtu ninayemsubiri kwa masikio.

Tulifunga ndoa Peramiho, mwaka themanini na tano. Dizeli ilikuwa ya kuombea kibali, na gari la harusi lilikuwa moja tu, lilelile lori. Bibi harusi nilikaa mbele na Mzee Romwaldi, bwana harusi alisimama nyuma na kwaya. Kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya kuingia misheni, likavuta hewa likazimika. Kwaya haikuacha kuimba. Beda akaruka chini na suti yake ya kuazima, akafungua boneti, akapampu, maana tandiboi mwingine hakuwepo. Lilipowaka akaja mbio mlangoni kwangu, akanishika mkono kwa furaha. "Tunafika, Walburga," akasema. Nilikuwa nimevaa glovu nyeupe nilizoazimwa na masista. Picha iko ukutani mpaka leo, na ukiitazama vizuri utaona alama za vidole vyeusi kwenye mkono wa bibi harusi. Kila mgeni aliyeulizia picha hiyo nilimlalamikia kuhusu mikono ya Beda, na Beda aliomba msamaha upya kila mara huku anacheka.

Sasa macho yake yameingia ukungu. Daktari amemwambia leseni hii ikiisha asiombe nyingine, na lori limeshapangiwa kwenda kwa Saimon, mtoto wa kaka yake, anayelima tumbaku Namtumbo. Kabla ya hapo Beda alitaka kitu kimoja tu: siku ya jubilei anipeleke Peramiho kwa lori lile, kwa njia ileile. Binti yetu Monika, anayekaa Njombe, alikuwa ameshakodi gari la Noah, nami nilikuwa upande wa Monika. Mgongo wangu si wa kupandishwa kwenye lori tena. Nikampa Beda sharti. Lipande mlima wa Matogoro na kurudi bila kuzimika, nitakaa mbele na gauni langu. Likizimika, naingia kwenye Noah na asinitazame.

Likazimika. Akapampu, likaenda kidogo, likazimika tena. Alirudi jioni amenywea, hakugusa hata likolo, mboga anayoipenda. Kesho yake akasafisha tangi na kubadilisha chujio, likazimika vilevile. Akasema ni uchafu wa dizeli ya siku hizi. Injini yenyewe haina neno, alisema, si mnaona hata oili haipungui?

Jambo lenyewe nililigundua mimi, kwenye beseni la kufulia. Kitambaa anachofutia kijiti cha oili nimekifua miaka yote. Huwa kinanuka moshi, na kinateleza mpaka unamaliza kipande cha sabuni. Safari hii uchafu ulitoka upesi, na harufu iliyonipanda puani ilikuwa ya dizeli. Nikakinusa tena. Nikaenda nacho, kinachuruzika maji, mpaka uani alipokuwa.

"Baba Monika, hii oili yako imeanza lini kunuka dizeli?"

"Si umefua pamoja na overoli."

"Overoli sijaitia maji bado."

Akachomoa kijiti, akakinusa, akakichovya tena, akanusa. Kisha akakaa kwenye ngazi ya kebini, kijiti mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, nikashindwa. Nilimwonea huruma sana, kwa sababu furaha yake yote ya tangu mwezi wa tatu ilikuwa imekwisha pale.

Tukamwita Swalehe, fundi aliyezaliwa Namtumbo na mwenye gereji yake hapa mjini. "Shikamoo mama, shikamoo mzee," akasema, na kabla hatujamaliza kuitikia alikuwa ameshaingiza kichwa ndani ya boneti. Aliifungua pampu akatuonyesha: ngozi ya mpira iliyo ndani yake ilikuwa imechanika. Dizeli nyingine ilikuwa inashindwa kupanda kwenye injini, nyingine inamwagikia chini kwenye oili. Ndiyo maana lilikuwa linazimika mlimani, na ndiyo maana oili ilikuwa haipungui.

"Mzee, ungeenda hivi mwezi mwingine injini ingekufa," Swalehe alisema kwa upole. "Oili yote hii imekuwa mchuzi. Tumwage, tuweke mpya, na pampu tuagize Dar."

"Kumbe ndio ujana wenyewe," nikasema.

Beda akanitazama, halafu akacheka mpaka akajishika kiuno. Hakuwa amecheka wiki nzima.

Pampu ilikuja na basi ndani ya boksi dogo, na Beda akakataa Swalehe asiifunge. Swalehe alikaa pembeni kumwangalizia kile ambacho macho yake hayakioni vizuri. Beda akakwangua mabaki ya gasketi ya zamani, akaweka mpya, akakaza boliti, akarudisha mipira ya dizeli. Kisha akalegeza kinati cha kutolea hewa kwenye chujio, akaanza kusukuma kijiwiko. Kwacha, kwacha, kwacha. Povu likatoka, baadaye ikatoka dizeli tupu, akakaza. Mimi jikoni nilikuwa nimeshabandika chai, na jua lilikuwa la saa nane mchana.

Walikwenda Matogoro wakarudi. Halikuzimika hata mara moja.

Siku ya jubilei Beda alisugua mikono kwa ndimu na majivu mpaka kucha zikang'aa. "Leo huna la kulalamika," akaniambia akinipandisha kebini. Monika alikuwa ameninunulia glovu nyeupe kama zile za pichani, akatangulia na Noah. Tukashika njia ya Peramiho taratibu, Beda ameegemea usukani anatazama mbele kwa makini. Lori lilikuwa linavuta bila kugugumia. Tulipoanza kupanda mwinuko ule wa mwisho nikazitazama glovu zangu, hazina hata doa. Tulikuwa tunapita tu, kama watu wengine.

"Simamisha," nikasema.

Akasimamisha, akazima. "Mgongo?"

"Shuka ukapampu."

"Mama Monika, pampu ni mpya. Halijavuta hewa."

"Najua. Shuka."

Alinitazama kidogo, halafu akaelewa. Akashuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi kama tandiboi, akafungua boneti. Sikumwona, nilimsikia tu. Kwacha, kwacha, kwacha. Alilegeza na kile kinati, kwa sababu harufu ya dizeli ilinifikia pale nilipokaa. Kisha akaja mlangoni kwangu, mikono ameiinua mbali na suti yake, vidole vimelowa na vina masizi.

Nikamnyooshea mkono wenye glovu.

"Nitakuchafua," akasema.

"Shika."

Akashika. Ndivyo tulivyoingia kanisani, na padri alipotukaribia kutubariki nilimwona anavuta pumzi mara mbili kwa ile harufu ya dizeli.

Jumatatu Saimon alikuja akalichukua lori. Beda alisimama barabarani mpaka sauti ikaisha, na mimi nikasimama naye. Glovu ipo juu ya kabati, chini ya picha. Monika ameomba ailoweke kwenye jiki atoe madoa, nimemkatalia.