Siku Sijke 61 Alipoacha Kubeua

Hylkje Terpstra alikuwa daktari wa vitabu, si wa wagonjwa, na kazi yake ilikuwa kupima mbweu za ng'ombe. Usicheke. Ng'ombe akila majani hubeua methani, gesi inayoipasha dunia joto, na sisi wafugaji wa Frislandi, kaskazini mwa Uholanzi, tunasimangwa kwa ajili yake kila siku ya Mungu. Hylkje, binti wa mfugaji, alikuwa anatafuta unga wa kuchanganya kwenye malisho ili mbweu zipungue na watu wake waachwe wapumue. Unga ule ulimtoa jasho miaka minne. Alikuja kazini kwa baiskeli hata upepo ukivuma wa kung'oa mapaa, akala mkate wake wa jibini juu ya magunia ya malisho pamoja nami. Mimi ni Gosse, mlishaji wa ng'ombe pale kituo cha utafiti.

Baba yake, Wopke, aliuza kundi lake vuli iliyopita. Magoti yalikuwa yamekwisha na wa kumrithi hakuwapo. Alibakiza ng'ombe mmoja tu, Sijke 61, wa sitini na moja kwa jina hilo, kwa sababu Sijke wa kwanza alinunuliwa na babu yake, na tangu hapo zizi lile halijakosa Sijke. Huyu wa mwisho alikuwa amezaa dume majuzi, si jike wa kurithi jina. Basi mwezi Machi ng'ombe mmoja wa majaribio akachechemea, na Hylkje akaenda kwao kumwomba Sijke ashike nafasi yake. Nilikuwapo, maana mimi ndiye niliyeendesha gari la kubebea mifugo.

"Wiki tatu tu, baba."

"Huyu hajawahi kulala nje ya zizi hili."

"Nitamwangalia mwenyewe."

"Wewe? Wewe siku hizi unaangalia kompyuta, mama." Mzee alicheka, kisha akaacha kucheka. "Haya, mchukue. Ila kila asubuhi mshike masikio. Yakiwa ya baridi, acha kila kitu umwite daktari. Nirudishie ng'ombe wangu, Hylkje. Sina mwingine."

Wiki ya tatu Sijke aliingia chumba cha vioo, ambako kila pumzi ya ng'ombe hupimwa kwa siku tatu mfululizo. Mlango hufunguliwa asubuhi na jioni tu, kukamua na kulisha. Ukiufungua zaidi ya hapo, hewa ya nje inaingia na kipimo chote kinaharibika. Sheria hiyo tuliishika kuliko amri za kanisani.

Jumanne asubuhi nilisikia naitwa kwa kelele.

"Gosse! Njoo uone maajabu!"

Methani ilikuwa imeshuka karibu nusu. Hylkje, asiyemkumbatia mtu hata siku ya kuzaliwa, alinikumbatia na ovaroli langu la mavi.

"Sijke kabakiza chakula kingi," nilimwambia.

"Unga unapunguza hamu kidogo, si unajua?"

"Na maziwa nayo yamepungua."

"Gosse, usiniletee nuksi leo."

Jioni, nilipokwisha kumkamua, nilimshika masikio. Nikatoka nje kumfuata Hylkje.

"Daktari, masikio ni ya baridi."

"Kuna upepo."

"Humo ndani kuna upepo gani, dada?"

Alimtazama Sijke kupitia kioo, akaitazama na grafu, na nikaona uso wake ukihangaika. Kisha akasema, "Kesho mchana siku tatu zinatimia. Mpaka kesho mchana tu, Gosse. Nakuomba."

Nikafunga mlango. Ningeweza kukataa, nina miaka thelathini na ng'ombe, na namba ya daktari wa mifugo naijua kwa kichwa. Nilimkasirikia Hylkje kwa muda mrefu, lakini mkono uliofunga ni huu wangu.

Asubuhi tulimkuta Sijke amelala, shingo imenyooka. Daktari wa mifugo alikuja mbio, akasema tumbo la nne limejisokota, tena si leo wala jana. Alikuwa bado anafungua mkoba wake ng'ombe alipokata roho. Ng'ombe asiyekula atabeua nini? Hilo hata watoto wa huku wanalijua, na Hylkje alilijua kabla hajajua kusoma. Alipiga magoti kwenye majani, akakikumbatia kile kichwa kizito, akalia kwa sauti mbele ya wanafunzi wanaokuja kujifunza kwake kituoni.

Alasiri aliniomba nimpeleke kwao. Wopke alitumiminia kahawa, akakata mkate wa sukari, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Siagi ilibaki kwenye kisu.

"Mbweu zilianza kupungua lini?" aliuliza.

"Jumanne asubuhi."

"Ukaona kwenye kompyuta?"

"Nikaona, baba."

"Ukafanya nini?"

Hylkje alinitazama mimi, kana kwamba ningemjibia. Nilitazama kikombe changu.

"Nilifurahi," alisema.

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Hakumtukana wala hakupandisha sauti, na nadhani Hylkje angeshukuru kama angefanya hivyo. Ilipofika saa kumi na moja jioni aliinuka, akavaa viatu vyake vya mbao, akatoka kwenda kukamua. Tulimsikia akifungua mlango wa zizi tupu. Baada ya dakika mbili alirudi, akavua viatu, akaketi.