Waya Nyuma ya Yasmini

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na saba. Hapana, nasema uongo, ilikuwa kumi na nane, maana maduka ya dawa yalikuwa yameshaanza kuuza bangi tangu baridi ya mwaka uliotangulia, na namkumbuka Heber Larrosa akiyacheka.

"Ile ya dukani ni majani ya chai, mzee wangu," aliniambia. "Panda juu uone mabibi zangu."

Mabibi zake ilikuwa mimea sita, imeandikishwa serikalini kama sheria inavyotaka. Aliiweka ndani ya hema jeusi kwenye chumba alichopanga juu ya nyumba ya doña Zulma Berrutti, hapa Las Piedras, karibu na Montevideo. Mimi ni mnoa visu. Napita na baiskeli, napuliza filimbi, na mwenye kisu butu anatoka. Zulma alitoka na visu vya jikoni, Heber akashuka ngazi ya chuma na mikasi midogo ya kupunguzia majani yanayozunguka maua. Nyumba ile nilikuwa naihudumia juu na chini.

Zulma alipika kwenye jiko la shule mpaka alipostaafu. Mwanamke mfupi, mikono mizito, sauti ya kuita watoto uwanja mzima. Mume wake, don Ademar, alikuwa fundi wa redio na feni, anafanyia kazi mezani kwake kando ya dirisha la uani. Ademar alikuwa na namna yake ya kufunga waya. Anazungusha utepe mweusi, anaubana, halafu ncha ya mwisho anaikunja kidogo kama ulimi, ili atakayekuja kuufungua asihangaike na kucha. Taa ya baiskeli yangu aliifunga hivyo. Bado iko hivyo, sijawahi kuifungua.

Halafu mapafu yakamkataa. Wakamletea mashine ya hewa, ikakaa kando ya kitanda ikinguruma mchana na usiku, na yeye akawa mtu wa kiti cha magurudumu, kutoka kitandani mpaka uani, kutoka uani mpaka kitandani. Kiangazi kile umeme wa nyumba ukaanza kucheza. Mchana, jua likiwa kali, taa zinafifia, mashine inalia pii pii, na Zulma anatoka jikoni mbio na unga mikononi.

Akamuuliza Heber. "Mwanangu, huko juu umeme unacheza?"

"Nyaya za zamani hizi, doña Zulma," Heber akasema. "Nyumba ya babu zetu."

Zulma akaamini. Bili nayo ilipanda, lakini akaona ni mashine ya hewa inayokula. Basi akaanza kuzimazima ili waya ubaki kwa ajili ya mashine peke yake. Akazima feni. Akazima televisheni. Akazima redio, na Ademar alikuwa mtu wa kusikiliza mpira kwenye redio tangu utoto. Siku moja Jumapili nilipita, nikamkuta amekaa uani, jasho linamtiririka, redio iko kimya mapajani kwake kama paka.

"Leo hamna mpira, don Ademar?" nikauliza.

"Upo," akasema. "Tunapumzisha nyaya."

Jioni Heber alikuwa anashuka na kichupa cha matone aliyoyatengeneza kwa maua yake mwenyewe. Anamtia Ademar chini ya ulimi, na Ademar analala mpaka asubuhi. Heber hakuwahi kudai kitu. Hilo Zulma alilisema kila mara, hata kwa watu wasiouliza. Na Heber akingoja dawa ishike, anawasimulia habari za mabibi zake. Kwamba wakishaanza kutoa maua wanataka saa kumi na mbili za mwanga na saa kumi na mbili za giza totoro. Kwamba taa zinawaka saa moja asubuhi na kuzimika saa moja jioni kwa saa ndogo ya swichi. Ukiwaamsha usiku wanachanganyikiwa, wanajizalia mbegu, na ua lenye mbegu halina thamani.

"Wakishalala hata mimi siruhusiwi kuingia," alisema. "Nina wivu nao kuliko mume."

Ademar alicheka mpaka akakohoa. Zulma akamwambia Heber aache mizaha.

Ademar alifariki Machi, zabibu hazijaisha kuvunwa. Daktari alisema angekufa tu, mapafu yalikuwa yamekwisha. Zulma akakubali, akalia kwa kiasi, mashine ikarudishwa hospitali. Baadaye akataka kwenda Minas kukaa na dada yake kidogo. Akachomoa kila kitu, friji, pasi, mpaka taa ya sanamu ya Bikira. Akapita kwenye mita ukutani, akaona kigurudumu chake kinakimbia.

Alisimama pale na begi mkononi. Halafu akashusha swichi kuu. Kigurudumu kikasimama. Na huko juu kwa Heber, mwenye mita yake mwenyewe, ngurumo ya feni aliyoizoea mpaka akaacha kuisikia, ikakata.

Hakwenda Minas. Ijumaa nilipopita alinikalisha uani, akanimiminia kibuyu cha yerba, chai yetu ya kunywa kwa mrija, akanieleza yote kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo.

"Unajua kinachoniuma?" akasema. "Si bili. Siku moja aliwasha redio, nusu fainali. Nikampiga mkono. Nilimpiga mkono, kama mtoto aliyeiba biskuti shuleni. Mtu anakufa, nikamnyima mpira na upepo, kumbe nampa yule mshenzi taa za kuoteshea bangi."

"Waite watu wa umeme," nikamwambia. "Mimea yake ni halali, lakini umeme ni wa wizi. Watamtoza."

"Watamtoza, atalipa, tutaamkiana. Sitaki." Akavuta mrija wa kibuyu mpaka ukalia. "Alisema mabibi zake wakiamshwa usiku wanaharibika. Nangoja watoe maua."

Akangoja kweli. Mei Heber akashuka anachekelea, mabibi wameanza. Zulma akampongeza, akampa na keki ya jamu ngumu ya matunda, ile ya kopo inayoliwa na jibini. Siku iliyofuata Heber alipokwenda kazini kwenye machinjio, akashusha swichi.

Ujanja wenyewe ulikuwa mdogo. Ile saa ya swichi ilikuwa ya zamani, inakwenda kwa umeme. Umeme ukikatika inalala, ukirudi inaendelea pale ilipolalia. Zulma akizima asubuhi na kuwasha mchana, taa za Heber zinawaka mpaka usiku wa manane, ndani ya hema lililofungwa, wakati mwenyewe yuko upande wa pili wa turubai anawahurumia mabibi waliolala na hawafungulii mlango. Leo anazima saa tatu, kesho saa tano, keshokutwa hazimi kabisa. Jumapili Heber anakuta saa imepotea, anairekebisha, analaani kampuni ya umeme.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa na umande mbaya. Zulma alikaa mchana bila umeme kwenye nyumba yake mwenyewe, koti begani, chupa ya maji ya moto tumboni. Maziwa yalichacha kwenye friji. Nilimwambia atapata kifua.

"Nipate," akasema. "Ademar alipata joto, acha mimi nipate baridi. Sikiliza." Akanyoosha kidole juu. Kimya. "Wanabanwa pumzi."

Sijapata kumwona mtu akiwa na furaha ya namna ile, na sikuipenda. Lakini nilimnolea visu na nikanyamaza, haikuwa nyumba yangu.

Heber aliwahi kushuka kumuuliza, mimi nikiwepo nazungusha jiwe. "Doña Zulma, kwani mchana umeme unakatika hapa?"

Zulma alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho. "Nyaya za zamani, Heber," akasema. "Nyumba ya babu zetu."

Julai Heber akavuna. Alinirudishia mikasi imeganda utomvu, na kwenye kiganja chake alikuwa na ua moja. Akalivunja. Mbegu zikamwagika kama mtama.

"Yote hivi," akasema. "Mimea sita. Sijui nimekosea wapi."

Zulma alikuwa amesimama mlangoni. Akakatiza uani, akaenda mpaka kwenye swichi kuu, akaishusha mbele yake. Akaipandisha. Akaishusha tena. Feni juu zikakata, zikanguruma, zikakata.

Heber akaelewa. Nilidhani atapiga kelele, ni kijana mwenye shingo ya kubeba nusu ng'ombe. Akafungua mdomo kusema kitu. Akakitazama kile kiti cha magurudumu kilichokunjwa ukutani, akaufunga. Akapanda ngazi polepole.

"Haya," Zulma akaniambia, uso umemwiva. "Nipe kisu ulichonoa sasa hivi. Nimeshajua waya wenyewe uko wapi."

Uko nyuma ya chungu kikubwa cha yasmini. Swichi ilikuwa chini, hakuna hatari, kwa hiyo nikakisogeza chungu, nikainama naye. Waya wa Heber ulishuka kutoka juu kando ya bomba la mvua. Mtu anayefanya wizi angeuunganisha kulekule juu, pasipoonekana. Huu uliunganishwa chini, usawa wa kiuno changu, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa. Na kiungo kilikuwa kizuri, utepe mweusi umebanwa raundi kwa raundi, na ncha yake imekunjwa kama ulimi.

Zulma aliigusa ile ncha kwa kidole. Akaigusa tena. Mkono wenye kisu ukashuka.

Hakuukata. Mpaka leo upo. Aliinuka, akarudisha chungu kwa kukisukuma na mguu, akaenda jikoni kuchemsha maji. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu Machi, nikasikia redio ya nyumba ile, kwa sauti ndogo, na hakuna aliyekuwa akiisikiliza.

Heber alihama baridi ilipokwisha, akaacha funguo kwenye ngazi bila kuaga. Nilikutana naye Montevideo, kwenye soko la Jumapili, ana mtoto mabegani. Nikamuuliza ule waya aliufunga nani. Akaninunulia mkate, akamsogeza mtoto, akaondoka. Zulma nimemuuliza mara mbili, na mara zote mbili ameninyooshea kibuyu ninywe.

Mimi ni mtu wa visu, sijui mambo ya umeme. Lakini nikiwasha taa ya baiskeli jioni kidole changu kinaigusa ile ncha, na ninauliza tena, hata kama niko peke yangu barabarani. Don Ademar, waya ule uliufunga wewe, ili upate usingizi?