Kibodi Iliyowekwa Rehani

Mpaka leo nikisikia mtu anausifia ule mchezo wa zamani wa bunduki kwenye kompyuta, damu inanichemka. Wanangu wananicheka. Wanasema, mama, huo mbona wa kizee, picha zenyewe vibokisi vitupu. Sawa. Mimi naujua kuliko wao, na sijawahi kuucheza hata mara moja.

Niliujulia Vudee, milimani juu ya Same, miaka ile soko huria lilipoingia na kila mtu akaambiwa ajitafutie. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge kule tambarare, akarudi nyumbani na begi moja na kikohozi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nipo tu. Ndipo tukasikia kwamba ofisi moja pale Same mjini inatafuta karani, kijana anayejua kuchapa kwa kompyuta. Nyumba nzima tukaikodolea macho nafasi ile. Baba alikuwa akiitaja hata wakati wa kusali kabla ya kula.

Na kompyuta kijijini tulikuwa nayo, hilo ndilo linaloniuma. Wafadhili walisema wataileta kijiji kikijenga chumba, basi likapigwa baragumu la msaragambo. Kwetu Upareni baragumu la msaragambo likilia unatoka, uwe na shughuli usiwe nayo, mnakwenda kufanya kazi ya wote. Asiyefika bila udhuru, wenzake wanamfuata nyumbani, wanachukua kitu chake, sufuria au jembe, kinakaa rehani mpaka aje atimize zamu yake. Mama hakuwahi kuchukuliwa hata kijiko. Alibeba mawe kutoka korongoni kwa kichwa, na mgongo wake ule mbovu, mpaka chumba kikaezekwa. Jenereta ikaja, na dizeli yake ikawa inapandishwa kutoka mjini, nayo tukabeba sisi.

Halafu tukaletewa mwalimu, kijana wa mjini, mtanashati, shati limenyooka. Siku ya kwanza alitukalisha kwenye mabenchi nyuma yake, akawasha mashine, akafungua mchezo. Akasema haya ni mafunzo ya vitendo, kwanza tuizoee kompyuta. Tukaangalia.

Tuliangalia wiki baada ya wiki. Unaona mkono wenye bunduki mbele yako, kama vile ni wako. Unapita kwenye vichochoro vya giza, majitu yenye pembe yanakutokea kwenye kona, unayamiminia risasi. Mlango mwekundu haufunguki mpaka uokote ufunguo mwekundu. Ziko kuta za uongo, ukizisukuma zinapanda juu, ndani kumefichwa risasi na dawa. Ukisimama karibu na pipa likapigwa risasi, limekulipua. Na chini ya kioo, katikati, ipo sura ya mwanaume, ndiyo wewe huyo. Ukiumia inavuja damu, ukizidi kuumia inavuja zaidi, mpaka ufe. Yote hayo nilijifunza kwa dizeli niliyoibeba mwenyewe.

Nilimwomba. Nilisema, "Mwalimu, naomba nami nijaribu kuandika, nina usaili Same."

"Subiri nimalize hatua hii," alisema, wala hakugeuka.

Hatua ile haikuwahi kuisha. Dizeli ndiyo iliyokuwa ikiisha, jenereta inakohoa, chumba kinanyamaza, tunaambiwa tuje tena siku nyingine. Na mama kule shambani, ng'ambo ya bonde, alikuwa akiusikia mngurumo wa jenereta anafurahi. Anaegemea jembe, anawaambia wanawake wenzake kwamba watoto wanasoma. Unajua inavyochoma, mtu kufurahia kitu kama hicho? Nilishindwa kumwambia. Kwetu mwalimu hasemwi hovyo.

Siku ya usaili nilishuka Same na viatu vya kuazima. Mama mmoja wa pale ofisini, mtu mzima, mpole, alinikalisha mbele ya kompyuta akanipa tangazo fupi nilichape. Nikaitazama kibodi. Vidole vyangu vikaenda vyenyewe pale nilipoviona vidole vya mwalimu vikienda kila siku: mishale ya kutembea, kitufe cha pembeni cha kufyatulia risasi, kile kirefu cha chini cha kufungulia milango. Herufi zenyewe sikujua zilipo. Nilizisaka moja moja kama anayechambua mchele, na nilipoinua kichwa yule mama alikuwa ananionea huruma.

"Binti, umesomea wapi kompyuta?"

"Vudee, mama."

"Nani alikufundisha?"

Nilimshukuru, nikatoka, nafasi ikaenda kwa mwingine. Nilivyofika nyumbani nikamweleza mama yote, mpaka ile habari ya ufunguo mwekundu. Alijifunga khanga kiunoni, akatoka, nami nikamfuata.

Jenereta ilikuwa inanguruma. Mwalimu alikuwa kwenye kichochoro, majitu yamemzunguka. Akasema, "Shikamoo mama," macho kwenye kioo.

"Marahaba. Sisi tulibeba mawe. Wewe kazi yako ilikuwa kufundisha, hukufika. Nimekuja kuchukua kitu."

Akainama nyuma ya mashine, akaufuata waya wa kibodi kwa mkono, akauchomoa. Kibodi akaiweka kwapani. Mwalimu akabaki mikono hewani, na kwenye kioo mtu wake amesimama tu, hawezi kutembea, hawezi kufyatua, anapigwa kutoka kila upande. Ile sura ikavuja damu mpaka ikafa. Kwenye benchi hakuna aliyecheka.

"Ukija kufundisha utarudishiwa," mama alimwambia.

Mwalimu alilalamika kwa wakubwa. Wazee wakamwambia kwamba mama ana haki, ndiyo desturi, yeye aje atimize zamu yake. Hakuja. Baada ya muda akasema kompyuta inapelekwa Moshi ikatengenezwe, akashuka nayo, na hatukumwona tena yeye wala kompyuta. Chumba kile sasa wanaweka mahindi, mawe ya mama yapo pale pale ukutani.

Kibodi ilibaki kwetu. Niliiweka mapajani nikakaa nayo jikoni, waya unaning'inia haujachomekwa popote, nikachapa. Nilichapa tangazo lile la Same mpaka vidole vikajua njia bila macho, na hakuna herufi hata moja iliyotokea mahali popote. Baba alikuwa akiniuliza kwa kikohozi chake, "Umeandika nini leo?" nami nikimsomea kwa kichwa. Alifariki kabla sijapata kazi ya kuchapa.

Kazi niliipata baadaye, nikaifanya mpaka nikazeeka nayo. Kibodi ninayo, iko juu ya kabati, na wanangu wanataka niitupe. Siitupi. Ni rehani hiyo, na mwenyewe hajaja kuikomboa.