Meza ya Zhuzhuna

Enzi za chama cha kikomunisti kila mtu alipata chake bila kuulizwa. Serikali mpya ikasema posho ni ya maskini aliyekaguliwa tu. Basi Zhuzhuna, mjane wa mji wa Kutaisi asiye na kuni za majira ya baridi, akaficha friji kwa jirani yake Lamara, akakunja zulia, akavaa sura ya huzuni.

"Hodi, mama!" Mkaguzi, kijana mwembamba, aliingia.

Huzuni ikamtoka. Mgeni akae kwenye meza tupu? Zhuzhuna alikimbia kwa Lamara, akaazima na kurudi na kuku wa mchuzi wa kokwa za jozi, mkate wa jibini na mtungi wa divai.

Mkaguzi alikula akashiba, akainua glasi. "Nyumba hii isipungukiwe kamwe!"

"Amina, mwanangu."

"Lakini mama, mwenye meza kama hii hapewi posho. Labda kama chakula si chako."

Zhuzhuna alimsogezea sahani. "Changu. Ongeza kuku."

Mkaguzi alipoondoka, Lamara, aliyesikia yote ukutani, alikuja akafoka, "Si ungesema umeazima kwangu!"

"Mbele ya mgeni? Shoga, mimi si maskini kiasi hicho!"